Shajara ya kujisomea: kutafuta mahali kuelewa kulipokatikia

Mfungo nne (Muharram)

Kazi yenyewe ni hii: kusoma mwenyewe masomo saba ya sekondari bila kuingia darasani, kisha kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Masomo niliyoyachagua ni Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Biolojia, Kemia, Jiografia na Elimu ya Dini ya Kiislamu (IRE). Naandika shajara hii kwa sababu hapa Lamu, na kule Pate na Faza, wako wengine waliokatikiwa na shule kama mimi, na huenda mmoja wao akaifuata njia hii au akaitengeneza ikawa bora.

Shule zilifungwa Machi 2020 nikiwa kidato cha pili. Zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, nyumba za wageni za Shela zilikuwa bado hazina watu, na mashua ya baba ilikuwa ikitegemea wageni hao. Karo ya watoto wawili haikupatikana. Mdogo wangu wa kiume akaendelea, mimi nikashika cherehani ya mama. Hadi leo nashona tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kusoma ni baada ya alasiri, na tena baada ya isha.

Sababu ya kufanya haraka ipo. KCPE ya mwisho, yaani mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa 2023, maana yake kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 linafika kidato cha nne 2027. Nataka kufanya mtihani mwaka mmoja kabla ya hapo, ili ikibidi kurudia pawe na nafasi.

Vitabu nimevikusanya kwa binamu zangu waliomaliza. Vingine havina majalada, kimoja cha biolojia kimekosa sura ya mwisho. Pa kusomea ni maktaba iliyomo Ngomeni. Ngome hii ya Lamu ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, ikawa jela hadi 1984, na kuta zake ni nene kiasi kwamba saa nane mchana ndani bado mna ubaridi. Nyumbani kuna cherehani, runinga na watoto wa dada. Ngomeni kuna meza na kimya.

Kila niliyemweleza aliniambia nianzie pale nilipoachia. Ushauri huo sikuufuata, na naamini uamuzi huo ndio uliobeba kazi yote. Kalenda ya shule inaonyesha darasa lilifika wapi. Mimi nilifika wapi ni jambo jingine. Nilichukua mlinganyo mdogo, x/3 + x/4 = 7, nikautazama mpaka nikajua kinachonikwamisha ni nini. Haikuwa x. Ilikuwa ile thuluthi na ile robo: kwa nini hazijumlishiki zikiwa hivyo zilivyo, na ile 12 ambayo kila mwalimu huiandika chini inatoka wapi. Hilo hufundishwa shule ya msingi. Basi shule ilinikatikia kidato cha pili, lakini kuelewa hesabu kulikatika miaka kadhaa kabla, na katikati hapo nilikuwa nakariri hatua tu. Nimeazima kwa jirani kitabu cha zamani cha hesabu cha darasa la sita. Naanzia hapo.

Nimefanya vivyo hivyo kwa kila somo: nauliza nimekwama na nini hasa, halafu nashuka ngazi mpaka nikanyage kitu kigumu. Kiingereza nimeshuka kidogo. Kemia nimeshuka hadi mwanzo kabisa.

Mfungo tano

Akisami nimezipatia madrasani. Maalim wetu wa Langoni huwasomesha watu wazima mirathi baada ya magharibi, na hisa zilizotajwa ndani ya Qur'ani ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Majina hayo hayo tuliyakariri shule ya msingi kwenye somo la Kiswahili, pamoja na khumusi na tusui, lakini hakuna aliyetuonyesha yanafanya kazi gani.

Nilimwendea na daftari.

"Shikamoo Maalim. Nataka unipe mas'ala moja nyepesi."

"Marahaba mwanangu. Mtu amekufa, ameacha mke, mama, baba, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Gawa."

Mke anapata thumuni kwa kuwa marehemu ana watoto. Mama sudusi, baba sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume sehemu mbili na wa kike moja. Sasa thumuni na sudusi hazijumlishiki mpaka uzitafutie idadi inayogawika kwa 8 na kwa 6, nayo ni 24. Mke anachukua 3, mama 4, baba 4, jumla 11. Zimebaki 13 za watoto, na 13 haigawiki kwa tatu, kwa hiyo unazidisha vyote kwa 3 na mali inakuwa mafungu 72: mke 9, mama 12, baba 12, mwana 26, binti 13. Maalim akasema mali ni shilingi 720,000. Mke 90,000, mama 120,000, baba 120,000, mwana 260,000, binti 130,000. Nikajumlisha, ikarudi 720,000 kamili.

Usiku ule niliurudia mlinganyo wangu. Thuluthi na robo zinataka 12, basi x nne na x tatu zinakuwa saba, na x ni 12. Sasa najua ile idadi ya chini haikuanguka kutoka mbinguni. Ni fungu dogo ambalo kila mrithi anaweza kulipwa kwalo bila kukata shilingi.

Kisha Maalim akanipa nyingine iliyonikesha. Mke amekufa, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama, hana mzazi wala mtoto. Mume ni nusu, dada wawili ni thuluthi mbili. Kwa mafungu sita mume ana 3 na dada wana 4, jumla 7, na mali ni 6 tu. Mafakihi huliita jambo hilo aul: mali inagawanywa kwa saba badala ya sita, mume akapata subui tatu na dada subui nne, na kila mmoja anapungukiwa kwa uwiano ule ule. Uwiano ni mada nzima katika hisabati ya sekondari. Niliielewa kwa mume huyo na dada wale kabla sijaifungua sura yake.

Baadaye nilisoma kwamba al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya tisa, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za wasia na mirathi. Kwa hiyo njia hii ni ya zamani sana, na vijana wetu wanaokaa madrasani jioni huku wakisema hawaiwezi hesabu wana nusu ya somo tayari. Natamani walimu wa shule na maalim wa madrasa wa mtaa mmoja wakae pamoja hata jioni moja tu walizungumze hili.

Mfungo sita

Maulidi. Mji umejaa, wageni wa msikiti wa Riyadha wamelala hadi barazani, na kanzu za kushona zimenifika shingoni. Nimesoma Kiingereza pekee, kurasa chache kabla ya kulala.

Mfungo saba

Tatizo la lugha lazima niliandike vizuri, kwa sababu naona ndilo linalowaangusha wengi wanaojisomea huku. Vitabu vya sayansi ni vya Kiingereza. Unaweza kuisoma aya, ukayatambua maneno yote, ukageuza ukurasa umeridhika, na usiwe umeelewa chochote. Darasani mwalimu angekuuliza swali ukaumbuka. Peke yako hakuna wa kukuuliza.

Dawa yangu nimeichukua kwa Benjamin Franklin wa Marekani, aliyezaliwa 1706. Shule yake rasmi ilikwisha akiwa na miaka kumi, akatiwa kazini kwa baba yake, kisha kwenye kiwanda cha uchapaji cha kaka yake. Alipotaka kujifunza kuandika alichukua makala nzuri, akadokoa wazo la kila sentensi kwa maneno machache, akaziweka kando siku kadhaa, halafu akajaribu kuiandika upya makala nzima kutoka kwenye vidokezo vile na kuilinganisha na ya asili. Pale zilipotofautiana ndipo alipojifunzia.

Mimi nimeongeza lugha ya pili. Nasoma sehemu moja kwa Kiingereza, nadokoa maneno machache, nafunga kitabu. Kesho yake naiandika sehemu ile kwa Kiswahili, kwa namna ambayo mama angeielewa akiwa anakata vitambaa. Kisha nafungua kitabu na kulinganisha. Sentensi ya Kiswahili isiyokaa sawa hunionyesha pale ambapo sikuelewa. Mwisho naigeuza tena kwa Kiingereza, maana mtihani ni wa Kiingereza, na hapo Kiingereza chenyewe kinakua bila kukitengea saa zake.

Kazi hii ni ya polepole. Sura moja ya biolojia inakula siku nyingi. Lakini sura niliyoipitisha hivi inakaa, na nikiulizwa naweza kuisimulia. Baada ya isha mdogo wangu hukaa nami akaniuliza kutoka kitabuni. Hanionei huruma hata kidogo, na ndivyo ninavyotaka.

Mfungo tisa

Kaskazi imeingia, bahari inang'aa. Mwezi huu nimeutumia karibu wote kwa swali moja, na sijutii.

Nilikuwa nimesoma habari za William Kamkwamba wa Malawi. Aliacha sekondari wakati wa njaa iliyoanza 2001 kwa kukosa karo, akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi kijijini kwao, na kwa vitabu vya sayansi ambavyo Kiingereza chake hakikumtosha, akifuata zaidi michoro, alijenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na mabaki ya vyuma, kikawasha taa nyumbani. Kilichonishika ni namna alivyosoma. Aliingia maktaba akiwa na swali lake, na swali likamchagulia kurasa.

Nikajiuliza swali langu ni lipi. Nalo lipo tangu utotoni: maji. Ami yangu ni nahodha. Anajua bila kutazama karatasi yoyote kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ni bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Na mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Anajua kila siku maji yanachelewa kwa saa kasoro robo hivi na kidogo zaidi. Bila hesabu hiyo zamani jahazi lenye mzigo lilikuwa haliingii Mkanda, kwa sababu mkondo ule kati ya Manda na bara ulikuwa ukipitika vyema maji yakiwa yamejaa tu. Kitabu cha Jiografia kinasema mwezi huyavuta maji, na jua husaidia. Basi.

"Ami, jua ni kubwa kuliko mwezi. Mbona maji yanamfuata mwezi?"

"Mwezi u karibu."

Jibu zuri, lakini halikunitosha, kwa sababu nilipofanya hesabu ya mvutano kama alivyoiandika Newton mwaka 1687, uzito kugawa kwa mraba wa umbali, nilipata kinyume. Jua lina uzito wa takriban mara milioni 27 ya mwezi, na liko mbali takriban mara 390. Mraba wa 390 ni 152,100. Gawa milioni 27 kwa hiyo, unapata kama 178. Jua linaivuta dunia mara 178 kuliko mwezi! Kwa hesabu hiyo ami angepaswa kulifuata jua.

Nilizunguka na jambo hilo wiki nzima nikishona. Jibu nililipata katika kitabu kikubwa cha fizikia pale Ngomeni, na nililipata kwa sababu nilijua natafuta nini. Kinachoinua maji ni tofauti ya mvutano: upande wa dunia unaoelekea mwezi unavutwa zaidi kuliko katikati ya dunia, na katikati inavutwa zaidi kuliko upande wa nyuma. Kwa hiyo maji yanatuna pande zote mbili, na ndiyo maana dunia ikizunguka mara moja sisi tunaona maji yakijaa mara mbili. Tofauti hiyo hupungua kwa umbali uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu, yaani 390 kwa 390 kwa 390, ambayo ni 59,319,000. Gawa milioni 27 kwa hiyo: 0.455. Jua lina chini ya nusu ya nguvu ya mwezi juu ya maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, viwili hivyo viko kwenye mstari mmoja na vinasaidiana, bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta pembeni na kupunguza, maji mafu. Na kuchelewa kwa kila siku ni kwa sababu mwezi nao unasonga mbele, dunia inahitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia tena.

Nilimweleza ami tukiwa gatini, nikimchorea mchangani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini basi bamvua yenyewe huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu badala ya siku ile ile. Nimeliandika swali lake kwenye ukurasa mpya. Maji ni mazito, yana msuguano wa chini na mabara ya kuyazuia, yanachelewa kuitikia. Hivyo ndivyo nilivyoelewa hadi sasa, na nataka kuelewa zaidi.

Mtihani hauulizi hesabu ile ya mara tatu. Lakini kwa ajili yake nimejifunza vipeo, namba kubwa kwa njia ya kumi, uwiano kinyume, na michoro ya nguvu. Mada hizo zingenichukua miezi kama ningezifuata moja moja kwa mpangilio wa kitabu.

Rajabu

Biolojia inakwenda vizuri kwa sababu darasa liko nje. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Nilipofika kwenye osmosisi nilikwenda na baba kwa mashua hadi kwenye mikoko, nikachuma jani la mchu nikaliramba. Lina chumvi. Mti huo huitoa chumvi kupitia majani, wakati mkoko wenyewe huizuia kwa kiasi kikubwa mizizini. Ile mizizi ya mchu inayochomoza matopeni kama penseli ni ya kupumulia, kwa kuwa tope halina hewa. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti. Ukurasa mzima wa namna viumbe vinavyokabiliana na mazingira yao niliuandika palepale nimekaa kwenye mashua.

Kemia ni habari nyingine, na hapa lazima niseme wazi kitabu kinaishia wapi. Karatasi ya tatu ni ya maabara. Unatia asidi kutoka kwenye byureti tone kwa tone mpaka rangi igeuke, na tone moja likizidi jibu limeharibika. Nimesoma maelezo hayo hadi nayajua kwa moyo, na mkono wangu bado haujui lolote. Mtu anayejisomea asidanganywe kwamba maktaba inatosha kwa kila kitu. Inatosha kwa mengi sana. Kwa haya, tafuta chumba chenye vyombo.

Nilivaa buibui langu zuri nikaenda kumwona mwalimu wa kemia wa shule moja ya sekondari. Nilichukua daftari zangu tatu, sikuchukua maneno mengi. Alizipekua kimya, akauliza maswali mawili ya moli, kile kipimo cha kemia cha kiasi cha dutu, kisha akasema nije Jumamosi wanafunzi wake wanapofanya mazoezi, nioshe vyombo mwishoni.

Shaabani

Usajili umefanyika. Kwa atakayefuata: ulizia mapema, mwanzoni mwa mwaka, kituo kinachopokea watahiniwa wa kibinafsi, na uwe na cheti au namba ya KCPE mkononi. Mimi changu kilikuwa ndani ya kasha la bibi, chini ya kanga za harusi yake.

Ramadhani

Mchana sisomi hesabu. Nasoma fasihi na karatasi ya lugha, na nasomea nyumbani.

Bibi yangu hajui khati za Kirumi. Khati za Kiarabu anasoma bila kusita, na Kiswahili cha zamani kilichoandikwa kwa khati hizo alifundishwa na mama yake. Juzi baada ya tarawehe aliniita, "Ndoo, mwanangu, ukae hapa." Alikuwa na utendi wa Mwana Kupona kwa khati za Kiarabu, mimi ninao kwa Kirumi, tukasoma ubeti kwa ubeti, yeye kwenye karatasi yake na mimi kwenye yangu. Utendi ule ulitungwa 1858. Mama mgonjwa anamwita binti yake akae karibu naye, achukue wino na karatasi. Nimeusikia maisha yangu yote harusini na sikuwahi kulifikiria hilo: katika visiwa hivi, wakati huo, binti alikuwa mtu wa kuambiwa aandike.

Maneno ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ambayo wanafunzi wa bara wanayatafutia maelezo pembeni, sisi ndiyo tunayoongea jikoni. Karatasi ya ushairi hainitishi. Sarufi ya Kiswahili sanifu ndiyo ninayoisoma kwa bidii zaidi kuliko nilivyodhani nitahitaji, ngeli hasa, na alama 40 kati ya 80 za karatasi ya pili ni matumizi ya lugha.

Mfungo mosi

Hali ilivyo sasa. Hisabati nimemaliza kidato cha tatu na kuingia cha nne. Naanza kujizoeza karatasi nzima: maswali 16 ya sehemu ya kwanza yote, kisha matano kati ya manane ya sehemu ya pili, kwa saa mbili na nusu. Muda bado unanishinda kwenye sehemu ya pili. Biolojia imebaki sura ya jenetiki, ambayo ndiyo iliyochanika kitabuni, na nimepata ya kuazima. Jiografia na IRE ziko sawa. Kiingereza kimebaki insha. Kemia iko nyuma ya yote: chumvi na namna ya kuzitambua, elektrolisisi, na hesabu za moli za vimiminika.

Wasichana wawili wa Mkomani wameomba tusome pamoja, mmoja aliachia kidato cha kwanza na mwingine cha tatu. Kabla ya kitabu chochote nimewaambia kila mmoja aniletee swali moja linalomkwamisha, tushuke naye mpaka chini. Yule wa kidato cha tatu amekwama na namba hasi. Wa kidato cha kwanza yuko mbele kuliko anavyodhani, anazijua akisami zote.

Ratiba ya mwezi ujao: kemia siku nne kwa wiki badala ya mbili, karatasi ya hisabati kila Ijumaa baada ya sala, maabara Jumamosi. Ngomeni nimeomba tupewe meza ya watu watatu.